Medali Ubavuni mwa Chupa: Namna ya Kuonja Divai Zilizotuzwa Ukiwa Silanga

Ingia duka lolote la vileo kando ya Barabara ya Ngong au Lang'ata, usimame mbele ya rafu ya divai. Chupa kadhaa zitakuwa na kibandiko cha duara karibu na lebo, cha rangi ya dhahabu, fedha au shaba. Nyingi kati ya hizo zimetoka Afrika Kusini. Kibandiko kinakuambia kwamba divai hii ilishindanishwa na nyingine, majaji wakaionja, wakaona inafaa kutuzwa. Kwa mkazi wa Silanga, hapa Kibera, ambaye chupa moja yaweza kummalizia malipo ya kibarua cha siku nzima na zaidi, kuna swali la haki kabisa: duara hilo linastahili pesa zangu?

Jibu unaweza kulipata mwenyewe, nyumbani kwako, bila kwenda hoteli yoyote kubwa. Unahitaji watu kumi na wawili wanaokunywa kwa kiasi, wawili wa kusaidia bila kuonja, chupa nne, karatasi, kalamu na asubuhi moja tulivu. Gharama gawaneni kama mnavyogawana mambo mengine ya chama.

Medali inasema nini

Tuchukue mashindano ya Veritas, ya kitaifa huko Afrika Kusini, yaliyoanza mwaka 1990. Divai huletwa mbele ya majaji bila wao kujua imetoka shamba gani wala inauzwa bei gani. Wanaitazama, wanainusa, wanaionja, wanaitema, kisha wanaipa alama. Alama zikifika kiwango fulani, divai inapata shaba, fedha, dhahabu au dhahabu maradufu. Kumbe basi medali si nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kama kwenye riadha. Ni kiwango, na divai nyingi zaweza kukifikia mwaka huohuo.

Tuzo za namna hii zimewahi kubadilisha historia. Zabibu ya Pinotage ilizalishwa mwaka 1925 na Abraham Perold, aliyechanganya Pinot Noir na Cinsaut. Kwa miaka mingi wakulima hawakuijali sana. Mwaka 1959, divai ya Pinotage kutoka shamba la Bellevue ikawa bingwa wa maonyesho ya divai ya Cape, na mwaka 1961 ikaingia sokoni kwa jina la Lanzerac. Hiyo ndiyo chupa ya kwanza kuandikwa neno Pinotage kwenye lebo. Bila majaji wale, huenda leo usingeiona zabibu hiyo kwenye rafu ya Nairobi.

Ila kuna upande mwingine, nao ndio ulionifanya niandike mwongozo huu. Robert Hodgson, Mmarekani mwenye kiwanda kidogo cha divai huko California, alijiuliza kwa nini divai yake inapata dhahabu hapa na kuambulia patupu pale. Kuanzia mwaka 2005 alikubaliana na waandaaji wa mashindano ya jimbo lake wafanye jaribio: katika mfululizo wa divai zinazoonjwa, moja imiminwe mara tatu kutoka chupa ileile, majaji wasijue. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Ni takriban jaji mmoja tu kati ya kumi aliyeweza kuipa divai ileile alama za kiwango kimoja cha medali mara zote tatu. Baadaye Hodgson alitazama divai zaidi ya 2,400 zilizoshiriki mashindano zaidi ya matatu nchini Marekani. Asilimia 47 zilipata dhahabu angalau mara moja, na asilimia 84 ya hizo za dhahabu zilitoka mikono mitupu katika mashindano mengine.

Kwa hiyo nichukulie medali vipi? Naichukulia kama ushahidi kwamba divai ile haikuwa imeharibika, ilitengenezwa kwa ustadi, na iliwapendeza watu wachache siku moja. Hilo si jambo dogo. Lakini hukumu ya mwisho ni yako, na wewe una uwezo wa kuitoa.

Kukisoma kibandiko kabla ya kulipa

Tafuta jina la mashindano. Kama kibandiko ni duara la dhahabu lisilo na jina wala mwaka, hilo ni pambo tu la lebo. Kisha linganisha miaka miwili: mwaka wa mashindano ulio kwenye kibandiko, na mwaka wa mavuno ulio kwenye lebo. Tuzo hupewa divai ya mavuno fulani, si jina la kampuni milele. Mavuno ya mwaka 2022 hayawezi kuwa yalishinda mwaka 2020. Ukiona hivyo, sifa iliyobandikwa hapo ni ya divai nyingine, pengine dada yake mkubwa aliyekwisha kunywewa.

Jambo la tatu ni kundi. Majaji hushindanisha tamu na tamu, kavu na kavu. Hapa Kenya wengi wetu tumeanzia divai nyekundu tamu, na hakuna aibu katika hilo. Lakini ukinunua Pinotage kavu yenye dhahabu ukitarajia utamu wa ile uliyoizoea, utasema majaji walilewa. Hawakulewa. Walikuwa wakihukumu kitu kingine. Tamu zipange siku yake, kavu siku yake.

Ujue pia kwamba mwenye kiwanda hulipa ada ili divai yake ishindanishwe. Chupa isiyo na medali huenda haikushindwa na yeyote. Huenda haikupelekwa kabisa.

Usalama kwanza

Hapa sitaki uharakishe. Mnamo Novemba 2000, pombe iliyokuwa ikiitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu mia moja katika mitaa ya Mukuru hapa Nairobi, na wengine wakapofuka, kwa sababu ilikuwa na methanoli. Methanoli haitambuliki kwa ulimi. Hakuna ustadi wa kuonja utakaokuokoa nayo. Divai ya bandia nayo hujazwa katika chupa halisi zilizookotwa na kuuzwa tena zikiwa tupu.

Nunua katika duka lenye leseni na udai risiti. Angalia stempu ya ushuru ya KRA na uichanganue kwa programu ya Soma Label kwenye simu: jina la bidhaa linalotokea lilingane na chupa uliyoishika. Tazama kifuniko kama kimefunguliwa na kurudishwa, na kama lebo ina gundi mbichi. Ukiwa na shaka, iache hapohapo dukani. Usiionje "kidogo tu ili kujua".

Na usimwuzie mtu glasi mlangoni. Ukifanya hivyo umefungua baa, na baa inahitaji leseni kwa mujibu wa sheria ya vileo ya mwaka 2010. Changeni kabla, nunueni pamoja, onjeni pamoja, na wote wawe wametimiza miaka 18. Mama mjamzito asionje, wala mtu aliye kwenye dawa za kifua kikuu au ameandikiwa Flagyl. Anayeendesha bodaboda aiache nyumbani siku hiyo.

Nani wa kumwalika

Usiwaite wale tu waliokwisha kukaa hotelini. Ukimjua mama aliyewahi kupika busaa kwa miaka, mwalike kwanza. Ameishi na uchachu. Anajua harufu ya kimea kilichochacha vizuri na ya kilichoharibika, anajua siku ambayo pombe imeiva na siku ambayo imepita, na amewatazama watu wakinywa kuliko jaji yeyote wa Stellenbosch, Afrika Kusini. Mwuza matunda naye ana pua iliyofunzwa, kwa kuwa kila alfajiri analinusa embe kabla ya kulinunua. Ulimi wa Silanga si mgeni katika kazi hii. Ulichokosa ni nafasi ya kusikilizwa.

Majirani zetu Waislamu, wakiwemo Wanubi waliokuwa Kibera kabla ya karibu sisi wote, usiwaalike, na usimwombe hata mmoja wao "awe tu wa kumimina". Kwa wengi wao kumimina na kubeba ni sawa na kunywa. Mmiminaji awe mtu mwingine asiyeonja siku hiyo.

Hesabu ya chupa

Nunua chupa nne za zabibu moja, nchi moja, bei zinazokaribiana, mavuno yasiyopishana zaidi ya mwaka. Mbili ziwe na medali, mbili zisiwe nayo. Pinotage inafaa kwa kuanza kwa sababu inapatikana na ina tabia yake iliyo wazi.

Chupa ya kawaida ina mililita 750. Kila mtu apewe mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Watu kumi na wawili watatumia mililita 360 kwa kila divai. Sasa fanya kama Hodgson: chupa moja kati ya nne imiminwe mara mbili kwa majina mawili tofauti. Itatumia mililita 720, na imetosha. Hivyo kila mtu ataonja mara tano, jumla mililita 150, kiasi cha glasi moja, hata kama hatatema.

Ili siri isivuje, gawa kazi kwa watu wawili wasioonja. Wa kwanza afungue chupa zote nje ya chumba. Ile atakayoichagua kuwa pacha aimimine yote katika jagi safi, kisha aigawe katika chupa mbili tupu zilizooshwa. Asitumie faneli iliyowahi kupitisha mafuta ya taa, kwani harufu hiyo haitoki hata uisugue vipi. Kila chupa aivishe mfuko wa karatasi ya kaki hadi shingoni na kuufunga kwa raba. Kisha atoke. Wa pili, yaani mmiminaji, ambaye hakuziona zikifungwa, azichanganye na kuziandika herufi. Usitumie A, B, C wala 1, 2, 3, maana watu huipenda A kabla ya kuionja. Andika K, M, P, S na T.

Chumba, saa na joto

Majaji huonja asubuhi, ulimi ukiwa haujachoka. Jumamosi saa nne inafaa: chai imekwisha kunywewa muda, na jiko la mchana halijawashwa. Harufu ndiyo adui mkuu katika plot zetu. Stovu ya mafuta ya taa, omena wanaokaangwa mlango wa pili, udi, dawa ya mbu, upepo unaotoka upande wa Bwawa la Nairobi: vyote huingia ndani ya glasi. Zungumza na majirani siku moja kabla. Waombe waonjaji wasijipake manukato asubuhi hiyo na wasivute sigara.

Nyumba ya mabati ikipigwa na jua la Januari, divai iliyo mezani huwa vuguvugu, na divai vuguvugu hunuka pombe tupu. Nyekundu inataka nyuzi 16 hadi 18, nyeupe 8 hadi 12. Weka chupa katika beseni la maji baridi kwa nusu saa, au zifunge kitambaa kilicholowa maji na uziweke panapopita hewa. Nyeupe iombee nafasi katika friji ya mwenye duka la soda.

Glasi zote ziwe za aina moja. Hata zile ndogo za chai zinafaa, bora zisitofautiane. Zisuuze kwa maji moto mengi hadi harufu ya sabuni iishe. Nusa glasi tupu kabla ya kumimina: isinuke chochote. Weka maji ya kunywa yaliyochemshwa jana yake, mkate mweupe usio na siagi, na kopo la kutemea kwa kila watu wawili. Chapati zisubiri, mafuta yake hufunika ulimi.

Kuonja kwenyewe

Sheria ya kwanza ni kimya. Hakuna kusema "mmh", hakuna kukunja uso kwa makusudi. Mzee mmoja mwenye sauti akisema "hii ya pili ndiyo yenyewe", umepoteza maoni ya watu kumi na mmoja. Andika kwanza, mtazungumza baadaye.

Shika glasi juu ya karatasi nyeupe uitazame, lakini usiiamini sana rangi. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa divai huko Bordeaux walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Walieleza harufu zake kwa maneno ya divai nyekundu. Jicho liliiongoza pua.

Kisha zungusha glasi polepole, uingize pua, uvute pumzi fupi. Harufu ya kwanza inayokujia iandike hapohapo, kwa neno lako. Usitafute "cheri nyeusi" kama hujawahi kula cheri. Ukwaju, zambarau, pera, pasheni, ndizi iliyoiva sana, kahawa, moshi wa kuni, ngozi ya kiatu kipya: hayo yote ni maneno halali. Pinotage changa mara nyingi ina harufu ya ndizi mbivu kweli, maana imebeba kiasi kikubwa cha kemikali ileile inayonukia ndizi. Ukija kuonja Sauvignon Blanc siku nyingine na ukahisi pilipili hoho, usijidhanie mshamba. Kemikali inayoipa hoho harufu yake imo ndani ya zabibu hiyo.

Ukisikia gunia lenye ukungu au katoni iliyolowa, mwambie mmiminaji kwa siri. Hiyo ni kasoro ya kizibo cha gome, chupa yenyewe imeharibika, na haifai kushindanishwa. Ikinuka siki, vivyo hivyo.

Sasa ingiza kinywani, uipitishe kila upande kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Utamu utauhisi mara moja. Uchachu utaujua kwa mate: ukishatema, je, mate yanajaa pembeni mwa taya? Ukakasi utaupata kwenye ufizi na mashavuni, ule ukavu wa ndizi mbichi au wa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Divai nyekundu lazima iwe nao kiasi. Kosa ni pale unapobaki peke yake baada ya tunda kuondoka. Pombe utaijua kwa moto kooni. Mwisho, baada ya kutema, hesabu kimoyomoyo ladha inadumu muda gani, na je, inayodumu ni nzuri au ni uchungu mtupu. Kipimo hiki cha mwisho ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa kuwa divai nyingi za bei rahisi huanza vizuri na kutoweka.

Kunywa maji, tafuna mkate kidogo, nenda kwenye ya pili. Ukizimaliza tano, rudi kwenye zile mbili zinazokusumbua. Kisha zipange kuanzia ya kwanza hadi ya tano, na kila moja uiandikie sentensi moja. Alama kwa mia waachie majaji, kwa kuwa mwanzoni zitakuchanganya.

Kufunua

Kusanya karatasi, ujumlishe nafasi ambazo kila herufi imepewa. Yenye jumla ndogo ndiyo iliyopendwa. Kabla ya kuvua mifuko, mtu wa kwanza achungulie ndani yake na kutaja herufi za mapacha. Kila mmoja atazame karatasi yake: pacha hao aliwaweka jirani, au mmoja wa kwanza na mwingine wa mwisho? Aliyewatenganisha mbali asitahayari, maana wamefanya hivyo watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Lakini mpangilio wake wa siku hiyo msiutegemee sana. Waliowaweka jirani ndio wa kuwasikiliza zaidi mkianza mjadala.

Halafu vueni mifuko. Wapeni mapacha nafasi moja, wastani wa jumla zao mbili, ili mbaki na divai nne. Tuseme zenye medali zimeshika nafasi mbili za juu. Msishangilie bado. Kwa chupa nne zenye medali mbili, bahati tupu ingeweza kuleta matokeo hayo mara moja kati ya sita. Rudieni mwezi unaofuata kwa chupa nyingine nne. Ikitokea tena, bahati pekee ingehitaji mara moja kati ya thelathini na sita, na hapo mna sababu ya kuliamini duara la mashindano yale. Ikiwa chupa isiyo na medali imeshinda kwa mbali, mmepata divai yenu, na huenda kwa bei nafuu.

Sasa leteni chakula. Zile chupa tatu ambazo hazikuwa pacha zimebaki na zaidi ya nusu. Nyekundu yenye ukakasi ipeni mutura au nyama choma yenye mafuta, mtaona ukakasi unavyolainika. Omena msiwaweke karibu nayo: chuma kilichomo katika divai nyekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuacha ladha kali ya shombo. Samaki wa kukaanga asubiri divai nyeupe yenye uchachu. Kachumbari yenye pilipili nyingi itafanya pombe iwake kooni zaidi. Divai iliyobaki izibwe vizuri na kuwekwa mahali penye baridi, inywewe ndani ya siku mbili au tatu.

Chupa tupu zikwaruzeni lebo na stempu kabla ya kumpa mwokota chupa, ili zisirudi kwetu zikiwa zimejazwa kitu kingine. Pigeni picha ya lebo ya mbele na ya nyuma ya ile iliyoshinda, mwaka wa mavuno uonekane, kwa kuwa mwaka ujao jina litakuwa lilelile na divai itakuwa nyingine.

Kwa raundi ya tatu, tafuteni ya hapa kwetu. Leleshwa hutoka katika mizabibu ya Morendat, Naivasha, na ukivuka mpaka kuna divai za Dodoma, ambako mizabibu haina majira ya baridi ya kulala na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ikipatikana Sauvignon Blanc ya Naivasha, ivisheni mfuko wa kaki pamoja na mbili za Afrika Kusini zenye medali na moja isiyo nayo, herufi zilezile, vijiko viwili vilevile. Mmiminaji wa safari hii awe mmoja wa walioonja mara ya kwanza, ili naye aliyemimina apate zamu ya kuonja.